Kujiandaa na kazi za kilimo, mifugo na maliasili ukiwa bado sekondari

Kila matokeo ya Kidato cha Nne yanapotangazwa, maswali ni yale yale. "Nina D ya Kemia, naweza kusoma mifugo?" "Shule yetu haina somo la Kilimo, nimeshachelewa?" "Napenda wanyamapori, nianzie wapi?" Mengi yana jibu, ila jibu lingekuwa jepesi zaidi kama swali lingeulizwa mwanafunzi akiwa Kidato cha Pili. Wanaokosa nafasi katika fani hizi kwa kawaida wanazipenda sana. Kinachowaponza ni Kemia waliyoiacha mapema na kufika kwenye usaili bila kuwahi kupima chochote shambani kwa mikono yao.

Mwongozo huu unamhusu mwanafunzi wa Tanzania Bara, kuanzia Kidato cha Kwanza hadi cha Sita. Wa Zanzibar atakuta vyuo na utaratibu wa udahili vinatofautiana (mafunzo ya kilimo ya Kizimbani sasa yako chini ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), lakini kazi za shambani zilizoelezwa hapa ni zile zile.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Kaunta buku moja ngumu na penseli. Wino huyeyuka mvua ikinyesha, penseli haiyeyuki.
- Futi kamba ya mita 5, kamba ya katani ya mita 25 na vijiti vya kuchomeka.
- Mzani wa kilo 5 au 10. Si lazima ununue, wa dukani au wa jikoni shuleni unaazimika.
- Chupa ya plastiki ya lita 1.5 yenye ubavu ulionyooka, na rula.
- Jembe, panga na buti za mpira.
- Magazeti ya zamani na vipande viwili vya mbao, kama unaelekea misitu au mimea.
- Nakala ya cheti chako cha kuzaliwa. Sababu yake iko kwenye hatua ya 6.
- Kipande cha ardhi cha mita 10 kwa 20, nyumbani au shuleni. Ukikosa, soma sehemu ya mwisho kabla ya kukata tamaa.

Hatua ya 1: Chagua uwanja, jina la kazi litafuata

Wanafunzi wengi husema "nataka kuwa bwana shamba" au "nataka kuwa askari wa wanyamapori" kwa sababu hizo ndizo kazi wanazoziona. Nyuma yake kuna kazi kumi nyingine. Anza na uwanja, kisha tazama vyuo vyake vinataka masomo gani.

Mazao. Hapa kuna maafisa ugani, watafiti wa mbegu, wakaguzi wa mbegu na viuatilifu, wataalamu wa udongo, wa umwagiliaji na wa bustani. Wizara ya Kilimo ina vyuo vyake vya MATI, vikiwemo Ukiriguru, Uyole, Ilonga, Tumbi, Mlingano na Mtwara. MATI Igurusi inajulikana kwa umwagiliaji, na HORTI Tengeru kwa mboga, matunda na maua. Ngazi ya shahada, jina la kwanza ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kilichoanzishwa 1984.

Mifugo. Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo (LITA) una kampasi kadhaa, zikiwemo Tengeru, Mpwapwa, Buhuri na Madaba. Udaktari wa mifugo wenyewe husomwa SUA kwa miaka 5, na Biolojia na Kemia haziepukiki.

Uvuvi na ufugaji wa samaki: Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA), wenye kampasi Mbegani (Bagamoyo), Nyegezi (Mwanza) na kwingineko.

Misitu na nyuki. Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, kimekuwepo tangu 1937. Tabora kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki, na Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu kwa wanaopenda upande wa mbao na mashine.

Wanyamapori. Chuo cha Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kilianza 1963 na hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Chuo cha Pasiansi, Mwanza, huandaa askari wa uhifadhi. Mafunzo yake yana ukakamavu wa kijeshi, kwa hiyo mazoezi ya mwili ni sehemu ya maandalizi yako.

Usiusahau upande wa fedha na mashine: uchumi kilimo, biashara ya mazao, uhandisi wa kilimo, usindikaji wa chakula. Mwanafunzi mzuri wa Hisabati asiyependa kupasua panzi ana nafasi hapa, na ni watu wachache wanaomwambia.

Chagua uwanja mmoja wa kwanza na mmoja wa akiba. Viandike ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

Hatua ya 2: Linda masomo matatu kuanzia Kidato cha Kwanza

Masomo hayo ni Biolojia, Kemia na Hisabati. Jiografia ni la nne, na Kilimo ni la tano kama shule yako inalo.

Kemia ndiyo inayopoteza wengi. Mwanafunzi hupata alama mbaya Kidato cha Pili, anaona wenzake wanahamia masomo ya sanaa, naye anaacha. Miaka miwili baadaye anagundua kwamba mbolea, viuatilifu, maji ya bwawa, chakula cha mifugo na dawa zote ni Kemia. Ukiiacha, milango ya mifugo, mazao na lishe inabaki na upenyo mdogo sana. Kama umefikia kuchagua masomo, bakiza Kemia hata kama alama yako ni D, na utumie miaka miwili iliyobaki kuinua hiyo D.

Alama za kujua kwa Kidato cha Nne: A huanzia 75, B 65, C 45, D 30. Ukiwa unapata 38 kwenye majaribio ya Kemia, unakosa alama 7 tu kufika C. Alama hizo huwa kwenye mada chache. Anza na dhana ya moli na hesabu zake, asidi na besi, na udongo na mbolea. Fanya maswali ya mitihani iliyopita ya mada hizo kwa wiki nne kabla ya kugusa nyingine. Usipuuze mtihani wa vitendo, maana alama zake huwainua wanafunzi wengi ambao nadharia inawasumbua.

Hisabati usiiache kwa kisingizio kwamba "kilimo hakina hesabu". Afisa ugani anayeshindwa kubadili kilo kwa hekta kuwa vizibo vya soda vya mbolea kwa shimo atamharibia mkulima msimu mzima. Kiingereza nacho kisikupite, kwa sababu vyuo vinafundisha kwa lugha hiyo na lebo nyingi za viuatilifu zimeandikwa kwa lugha hiyo.

Kama shule yako iko kwenye mkondo wa amali wenye kilimo au ufugaji, muulize mwalimu wa taaluma mapema masomo yako yatakuruhusu kujiunga na vyuo gani. Uliza jina la chuo na jina la kozi. Jibu la jumla halikusaidii.

Hatua ya 3: Fungua daftari la shamba

Hili ni jambo dogo lenye faida kubwa kuliko yote yaliyomo humu. Kila ukurasa uwe na tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, ulichofanya, ulichopima na kipimo chake. Andika ukiwa pale pale. Ukisubiri jioni, utaandika unachodhani ulikiona.

Anza na mvua, kwa sababu kifaa chake unakitengeneza mwenyewe:

a) Kata chupa ya lita 1.5 mahali mabega ya chupa yanapoishia na ubavu ulionyooka unapoanza. Geuza shingo, itumbukize ndani kama faneli, kingo zilingane.
b) Kitako cha chupa kina mabonde. Mimina maji mpaka yafunike mabonde yote na kufika kwenye ubavu ulionyooka, kisha weka alama. Hiyo ndiyo sifuri yako.
c) Bandika kipande cha karatasi chenye milimita, sifuri ikiwa kwenye alama. Kifunike kwa seloteipu ili kisilowe.
d) Chimbia chupa kidogo ardhini au ifunge kwenye nguzo, mahali pa wazi. Kama kuna mti wa mita 5, kaa mbali nao angalau mita 10.
e) Soma kila siku saa 3 asubuhi, andika, kisha rudisha maji kwenye sifuri. Siku isiyo na mvua andika 0. Usiache wazi, maana nafasi tupu haisemi kama haikunyesha au hukusoma.

Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Mvua ya milimita 20 juu ya bati la mita za mraba 40 ni lita 800. Ukishaelewa hesabu hii, mada ya uvunaji wa maji imekuwa yako.

Hatua ya 4: Fanya mradi mmoja wenye vipimo

Mradi mmoja uliopimwa vizuri una thamani kuliko bustani tano zisizo na kumbukumbu. Tunaeleza wa mahindi kwa kirefu kwa sababu unawezekana karibu kila mkoa. Swali lake: mbolea ya kukuzia inaongeza mavuno kiasi gani kwenye udongo wenu?

Sampuli ya udongo kwanza. Tembea kwa zigizaga kwenye kipande chako, chimba sehemu 10 hadi 15, kila moja kina cha sentimita 20. Kata kipande chembamba cha udongo kutoka juu hadi chini, weka vyote kwenye ndoo safi, changanya. Gawa fungu mara nne, tupa robo mbili zinazotazamana, changanya tena, rudia mpaka ubaki na nusu kilo hivi. Anika kivulini. Usichukue udongo kwenye kichuguu, njia, mahali palipochomwa takataka au palipolala ng'ombe, kwani sehemu moja ya namna hiyo huharibu sampuli nzima. Kama hakuna fedha ya maabara, jaza theluthi ya chupa ya kioo kwa udongo, ongeza maji na chembe za sabuni ya unga, tikisa sana, weka mahali pasipotikisika. Mchanga hutuama ndani ya dakika moja, tope laini ndani ya saa mbili, na mfinyanzi huchukua siku moja au mbili. Pima unene wa kila tabaka kwa rula, andika.

Kupima kipande. Gawa eneo la mita 10 kwa 20 kuwa vipande viwili vya mita 10 kwa 10. Tumia nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mashimo, mimea miwili kwa shimo. Funga mafundo kwenye kamba kila sentimita 60, ivute iwe imekaza, chimba kwenye kila fundo. Kila kipande kitatoa mistari 13 yenye mashimo 17, yaani mashimo 221.

Mbegu. Tumia mbegu moja iliyothibitishwa, ile ile kwenye vipande vyote viwili. Robo kilo hivi inatosha kila kipande. Mfuko wa kilo 2 gawaneni na wenzako au nyumbani. Weka mbegu 3 kwa shimo, punguza zibaki 2 baada ya wiki mbili, udongo ukiwa na unyevu.

Mbolea ya kupandia. Kiwango kinachotumika sana ni mfuko wa kilo 50 wa DAP kwa ekari, sawa na kilo 1.24 hivi kwa mita za mraba 100. Gawa kwa mashimo 221, unapata gramu 5 na ushee kwa shimo, yaani kizibo kimoja cha soda. Chimba shimo la sentimita 10, weka kizibo kimoja, funika kwa udongo wa sentimita 5, ndipo uweke mbegu na kufukia. Hapa ndipo wanaoanza wanapokosea: mbegu ikigusana na mbolea huungua na haioti, halafu lawama zote zinamwendea muuza mbegu. Vipande vyote viwili vipate DAP sawa.

Mbolea ya kukuzia. Kipande A kipate urea, kipande B kisipate. Hiyo ndiyo tofauti pekee inayoruhusiwa. Palilia vyote siku moja. Mahindi yakifika magotini, wiki ya tatu au ya nne, weka kizibo kimoja cha urea kwa shimo, sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye shina, udongo ukiwa na unyevu, na ufukie. Urea iliyoachwa juu ya udongo kwenye jua hugeuka hewa na kupotea. Ikidondokea kwenye moyo wa mhindi, huunguza majani.

Kukagua. Mara mbili kwa wiki chagua mashimo 20 ukipita kwa zigizaga, hesabu mimea yenye dalili za kiwavijeshi vamizi: matundu kwenye majani na kinyesi kama unga wa mbao kwenye moyo. Andika idadi ya mimea uliyokagua na iliyoathirika. Usipulize kiuatilifu mwenyewe. Mwite afisa ugani, na kazi ya kupuliza aifanye mtu mzima mwenye mavazi ya kinga. Ukifanya chochote dhidi ya wadudu, fanya kwenye vipande vyote viwili.

Kuvuna. Usipime mistari ya pembeni. Mimea ya ukingoni hupata mwanga na nafasi zaidi, hivyo hudanganya. Acha mstari mmoja kila upande na shimo moja kila mwisho wa mstari. Unabaki na mistari 11 yenye mashimo 15: mita 8.25 kwa 9, yaani mita za mraba 74.25. Vuna hayo, pukuchua, kausha. Kujua kama yamekauka, weka kiganja cha mahindi na vijiko vichache vya chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, funika, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye ubavu wa chupa, bado yana unyevu.

Hesabu. Tuseme kipande A kimetoa kilo 24. Gawa kwa 74.25, zidisha kwa 10,000: ni kilo 3,232 kwa hekta. Gawa kwa 2.47 upate kilo 1,308 hivi kwa ekari, sawa na gunia 13 za kilo 100. Fanya vivyo hivyo kwa B. Toa tofauti, ipigie bei ya soko la kwenu, ondoa bei ya urea. Sasa una jibu ambalo mkulima jirani atakaa chini alisikilize.

Kuchanganya ekari na hekta ndilo kosa tunaloliona kuliko yote. Ekari ni mita za mraba 4,047, hekta ni 10,000. Andika namba hizo ndani ya jalada la daftari.

Uwanja wako ukiwa mwingine, mradi ubadilike lakini nidhamu ibaki:

Misitu: pima mraba wa mita 20 kwa 20 kwenye shamba la miti au msitu wa kijiji, kwa ruhusa ya uongozi. Pima mzingo wa kila mti kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu kama ni mteremko. Gawa kwa 3.14 kupata kipenyo, hivyo mzingo wa sentimita 94 ni kipenyo cha 30. Kusanya matawi yenye maua au matunda, bana ndani ya magazeti kati ya mbao mbili, badilisha magazeti kila siku kwa wiki ya kwanza la sivyo yataota ukungu. Lebo iwe na tarehe, mahali, rangi ya ua (hupotea ikikauka) na jina la kienyeji.

Nyuki: tengeneza kalenda ya maua. Chagua miti 10 ya eneo lako, kila wiki andika ipi imechanua na kama nyuki wanaitembelea. Mwaka mmoja wa kalenda hiyo ni hazina kwa mfugaji yeyote wa nyuki. Usisogelee mzinga bila mavazi ya kinga na mtu mzoefu.

Mifugo: kuku kumi wanatosha. Andika kila siku mayai, uzito wa chakula na vifo. Kuku mkubwa wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Andika pia tarehe za chanjo ya mdondo. Ile ya tone la jicho hurudiwa kila baada ya miezi 3, na watu husahau dozi ya pili.

Samaki: wenye bwawa wapime joto la maji asubuhi na alasiri, na walishe kwa uzito. Perege 100 wa gramu 50 ni kilo 5, na asilimia 3 yake ni gramu 150 za chakula kwa siku. Chakula kinachobaki kikielea baada ya nusu saa kimezidi, nacho huozesha maji.

Wanyamapori: hesabu ndege. Kaa sehemu moja dakika 10, saa 12:30 hadi saa 2 asubuhi, mara moja kwa wiki, uandike kila aina uliyoiona au kuisikia. Usikamate mnyama wala ndege wa porini na usiingie hifadhini bila kibali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haina msamaha kwa "mradi wa shule".

Hatua ya 5: Kaa karibu na wanaofanya kazi hiyo

Afisa ugani, afisa mifugo au afisa misitu anapatikana kupitia ofisi ya kata au halmashauri. Andika barua fupi kupitia kwa mkuu wa shule: jina lako, kidato, uwanja unaoutaka, na ombi la kuambatana naye siku tatu hadi tano za likizo. Peleka kwa mkono, mapema, wiki tatu kabla ya likizo kuanza. Msimu wa kupanda wana kazi nyingi, na hapo ndipo utajifunza zaidi, kwa hiyo usiukwepe.

Ukiwa naye, uliza maswali yenye jibu la kazi: Ulisoma masomo gani sekondari? Siku yako ya kawaida ina shamba kiasi gani na ofisi kiasi gani? Ni tatizo gani wakulima wa hapa huleta mara kwa mara? Jitolee kushika futi kamba, kuandika, kubeba sampuli. Mwishoni omba aandike kwenye daftari lako tarehe, kazi mliyofanya, sahihi na, ikiwezekana, muhuri.

Nanenane nayo itumie vizuri. Maonyesho hufikia kilele tarehe 8 Agosti, kwenye viwanja kama Nzuguni (Dodoma), John Mwakangale (Mbeya), Themi (Arusha) na Nyakabindi (Simiyu). Nenda siku za mwanzo, kabla ya msongamano. Pita mabanda ya SUA, taasisi za utafiti na vyuo, uulize sifa za kujiunga za kozi mbili ulizoandika ukurasa wa kwanza, uchukue vipeperushi vyao. Ngoma na nyama choma viko pale mpaka jioni.

Hatua ya 6: Panga tahasusi, chuo na nyaraka

Kujiunga na Kidato cha Tano kunahitaji angalau C tatu katika masomo yasiyo ya dini, na alama za masomo ya tahasusi yenyewe ndizo zinazobeba uzito. Zinazofaa:

CBA (Kemia, Biolojia, Kilimo) hufungua karibu kila mlango wa mazao na mifugo, lakini shule zake ni chache. CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) hufaa misitu, wanyamapori, mazingira na mazao. PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) hufaa udaktari wa mifugo. CBN (Kemia, Biolojia, Lishe) kwa chakula na lishe. PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) kwa uhandisi wa kilimo na umwagiliaji. EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) kwa uchumi kilimo. Orodha ya tahasusi ilipanuliwa 2024 hadi 65, kwa hiyo angalia pia mpya zilizopo kwenye Selform (fomu ya machaguo) kabla ya kujaza. Baada ya matokeo, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadili machaguo mtandaoni. Wengi hulikosa kwa kutolifuatilia.

Njia ya chuo nayo ni nzuri, na kwa anayetaka kazi za mikono mara nyingi ndiyo bora. Kozi nyingi za astashahada na stashahada huanzia ufaulu wa D nne zisizo za dini, baadhi yake zikiwa za sayansi. Masharti ya kila kozi yako kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Ukimaliza stashahada kwa GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 au zaidi, unaweza kuomba shahada. Kwa anayetoka Kidato cha Sita, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) hutaka ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi 4 (A=5, B=4, C=3, D=2, E=1), kisha kila kozi huongeza masharti yake.

Nyaraka usiziache mpaka mwisho. Jina linaloandikwa kwenye usajili wa mtihani ndilo litakalokaa kwenye cheti maisha yako yote. Kabla ya usajili, weka cheti cha kuzaliwa kando ya fomu, linganisha herufi kwa herufi: Mohamed na Muhammad ni majina mawili mbele ya kompyuta. Waombaji wa mkopo wa Bodi ya Mikopo huhitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi), na foleni hujaa dirisha likishafunguliwa. Hakiki mapema. Mikopo hiyo sasa inagusa pia baadhi ya stashahada, kilimo na mifugo zikiwemo. Maombi yafanye mwenyewe au ukiwa umekaa na anayekusaidia. Anayekuahidi nafasi kwa kumtumia fedha kwenye simu ni tapeli.

Ikikwama

Shule haina somo la Kilimo. Endelea na Biolojia, Kemia na Jiografia. Kozi nyingi huyapokea masomo hayo bila Kilimo, na daftari lako litaonyesha kilichobaki.

Umepata F au D ya Kemia. Soma masharti ya kozi kwanza. Mara nyingine D inatosha kwa astashahada. Kama haitoshi, rudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea, na vitendo ufanye kwenye kituo chenye maabara. Kurudia ukisoma nadharia peke yako ndiko kunakozalisha D ya pili.

Umepangiwa tahasusi ya sanaa. Ripoti, kisha ndani ya wiki za mwanzo muone mwalimu wa taaluma ukiwa na matokeo yako mkononi. Kubadilisha ndani ya shule huwezekana nafasi ikiwepo na alama zikiruhusu, ila wiki zikipita darasa linakuwa limekwenda mbali.

Huna ardhi. Viroba 10 vya kilo 25 vilivyojazwa udongo na samadi vinatosha kulinganisha sukuma wiki yenye matandazo na isiyo na matandazo, vitano kwa vitano. Pima lita za maji unazomwagia na uzito wa majani unayovuna kila wiki.

Mradi umekufa kwa ukame au mbuzi wameingia. Usiufute. Andika tarehe, milimita za mvua za wiki tatu kabla, hali ya mimea, mashimo mangapi yaliliwa. Kisha panda tena msimu ujao ukiwa na uzio wa miiba na daftari lile lile.

Wazazi hawataki, wanasema umesomeshwa ili utoke shambani. Usibishane kwa maneno. Waonyeshe ukurasa wa hesabu za vipande A na B, tofauti ya gunia na faida yake kwa shilingi, kisha mwombe afisa ugani uliyeambatana naye apite nyumbani siku moja azungumze nao.